Bunge Likinyamaza, Kanuni Inatembea

(Mhadhara kwa wanataaluma vijana, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkaegemea ukuta huko nyuma, habari za jioni. Nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Naanza na hesabu. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo sisi wote tunaiita Law School. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Waliopata sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, 342. Waliodisko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Mnakumbuka nchi ilivyochemka. Redio, vijiweni, bungeni, kila mtu alikuwa na mchawi wake: wengine walisema vyuo vikuu vinatoa shahada kama karanga, wengine Kiingereza, wengine walimu wa pale wanakomoa watu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze.

Yote yalisemwa, ila swali moja sikulisikia sana. Zile kanuni za mtihani, yaani alama ya kufaulia, nani arudie na nani aondoke, ziliandikwa na nani, na mbunge wako alizisoma lini? Sheria yenyewe ya Law School ilipitishwa mwaka 2007. Inasema taasisi iwepo, na mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili apitie pale. Lakini mtihani unavyoendeshwa, masomo mangapi, masharti ya kurudia, hayo yako kwenye kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Waliodisko hawakudiskishwa na kifungu ambacho wabunge walikijadili wakapiga kura ya ndiyo. Walidiskishwa na kanuni.

Hiyo ndiyo mada yangu leo. Mhandisi, mfamasia, muuguzi, mhasibu, mwalimu, ofisa ununuzi: kitu kinachoamua kama kesho utafanya kazi au utakaa nyumbani mara nyingi hakimo ndani ya sheria. Kimo kwenye kanuni, na mara nyingine si kwenye kanuni yenyewe bali kwenye jedwali lililobandikwa mwisho wa kanuni, ukurasa ambao hata mawakili tunauruka.

Chukueni sheria yoyote ya bodi ya taaluma. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, Sheria ya Famasi ya 2011, Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018, yoyote ile. Fungueni kurasa za mwisho. Mtakuta kifungu kinachompa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora wa sheria, halafu orodha: ada, fomu, sifa za ziada, mafunzo endelevu, utaratibu wa nidhamu, na mwisho kabisa maneno ya kufungia kazi, "na jambo lingine lolote" linalohitajika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango mpana kuliko yote.

Msinielewe vibaya, kukasimu, yaani Bunge kumwachia mwingine kazi ya kutunga kanuni, si kosa. Katiba yetu, Ibara ya 97(5), inaliruhusu Bunge waziwazi kumpa mtu au idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria. Na ni busara. Hamtaki wabunge zaidi ya mia tatu wakae ukumbi wa Msekwa pale Bungeni wabishane fomu namba tatu ya maombi ya leseni iwe na picha ngapi. Mama akimtuma mtoto dukani hasimami naye kaunta, ila akirudi anadai chenji. Swali langu ni la chenji: Bunge linaidai lini, linaidai vipi, na lisipoidai inakuwaje.

Nichukue mfano mmoja nikae nao kidogo, wa waandishi wa habari, kwa sababu wengi mnaujua kwa juu.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari. Kelele zilikuwa nyingi, juu ya kashfa, uchochezi na leseni za magazeti. Katikati ya kelele hizo mlikuwa na vifungu kadhaa vya ithibati: mtu asifanye kazi ya uandishi wa habari mpaka apewe ithibati na bodi. Bodi ya Ithibati. Sawa. Ili upewe ithibati uwe na elimu gani? Hapo ndipo ukurasa unageuka. Kanuni za mwaka 2017 ndizo zilizokuja na kiwango: angalau stashahada ya uandishi wa habari, na wasio nayo wakapewa miaka mitano wakasome, yaani mpaka mwisho wa 2021.

Mtazameni mtu anayeguswa na hiyo. Ripota wa redio ya jamii, yuko Kasulu au Mpanda, kazi ameifanya tangu redio ile ifunguliwe, cheti alichonacho ni cha miezi michache. Analipwa kwa habari moja moja. Kuanzia 2017 anaambiwa atafute stashahada, miaka miwili darasani, ada, pango la mjini. Inawezekana kabisa stashahada ingemfaa. Mimi mwenyewe nikisoma baadhi ya habari za mahakamani natamani mwandishi angekaa darasani zaidi. (Kicheko.) Lakini tofauti kati ya cheti na stashahada, kwa mtu yule, ndiyo tofauti kati ya kuwa na kazi na kutokuwa nayo. Uamuzi mzito kuliko vingi vilivyojadiliwa bungeni siku ile ukawekwa mahali ambapo kalamu moja ya Waziri inatosha kuuandika na kalamu ileile inatosha kuufuta.

Na kuna kichekesho kingine. Bodi ya Ithibati yenyewe, ile iliyotakiwa kutoa hiyo ithibati, iliteuliwa mwaka 2024, mwenyekiti wake akiwa Tido Mhando. Sheria ni ya 2016. Muda wa kusoma stashahada ukaanza na kwisha kabla bodi ya kuitazama hiyo stashahada haijakaa kikao. Katikati ya hapo, Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ikasema vifungu vingi vya sheria ile, vile vya ithibati vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo waliolitazama suala la ithibati kwa jicho la kina walikuwa majaji, tena wa Jumuiya, na walilitazama kwa sababu watu walikwenda kushtaki.

Sasa Bunge letu lina nini mkononi? Lina vitu viwili. Cha kwanza ni Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, na sheria ndogo ndizo hizi kanuni tunazozisema. Cha pili ni saa, na hii saa ndiyo nataka muielewe, kwa sababu inaanza kugonga mbali na macho yenu.

Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema hivi kwa ufupi. Kanuni ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, iwasilishwe mezani Bungeni ndani ya siku sita za vikao zinazofuata. Ikishawasilishwa, Bunge linaweza kupitisha azimio la kuitengua, mradi taarifa ya azimio hilo itolewe ndani ya siku kumi na nne za vikao. Azimio likipita, kanuni inakoma. Na kanuni isipowasilishwa kabisa ndani ya muda, inakoma vilevile. Hili la mwisho mawakili wachache wanalitumia. Ukipewa kanuni inayokunyima riziki, kabla hujabishana na yaliyomo ndani, ulizia kwanza kama iliwekwa mezani, na lini. Kuchapishwa peke yake hakutoshi kuiweka hai.

Sikilizeni lakini maneno "siku za vikao". Si siku za kalenda. Bunge la Bajeti linakwisha mwisho wa Juni. Mkutano unaofuata huanza mwishoni mwa Agosti. Kanuni inayochapishwa wiki ya kwanza ya Julai inaanza kuuma siku ileile, isipokuwa imesema vinginevyo. Inakaa Julai nzima na Agosti karibu yote haijaonana na mbunge hata mmoja. Bunge likikutana, Serikali ina siku sita za vikao za kuiweka mezani. Mkutano wenyewe mara nyingi ni wa wiki mbili, vikao kumi. Zile siku kumi na nne haziishii hapo, zinavuka hadi mkutano wa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo kanuni ya Julai inaweza kufika Novemba dirisha la kuitengua bado liko wazi na watu wameshalipa ada yake, wameshafukuzwa kazi kwayo, wameshabadilisha mitaala kwa sababu yake. Mwaka wa uchaguzi ni zaidi: 2025 Bunge lilimaliza kazi Juni, na Bunge jipya likakutana Novemba.

Wenzetu Kenya walilishika jambo hili kwa sheria maalumu ya mwaka 2013, inayosimamia hati zote za aina hii. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 94, ilishawawekea msingi mkali: hakuna chombo kingine kinachoweza kuweka masharti yenye nguvu ya sheria ila kwa kupewa mamlaka, na anayepewa lazima aelezwe wazi madhumuni, mipaka na viwango. Ile "na jambo lingine lolote" yetu huko ingeulizwa maswali. Kisha sheria ya 2013 ikaongeza mambo. Kanuni ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, isipopelekwa inakufa. Wanaoguswa washirikishwe kabla haijatungwa. Ikiwa itawagharimu watu kwa kiasi kikubwa, iandaliwe taarifa ya athari. Na kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, kila kanuni inakufa yenyewe ikifikisha miaka kumi, ikiongezewa muda haizidi miezi kumi na miwili. Waziri akitaka iendelee, aanze upya, ashirikishe watu upya.

Lakini msiwaonee wivu moja kwa moja. Sheria hiyohiyo inasema kamati ikipelekewa kanuni ikakaa siku 28 bila kutoa taarifa, kanuni inahesabiwa imekidhi kila kigezo. Kamati ya Bunge, yenye rundo la hati mezani na wajumbe waliokwenda majimboni, ikichelewa siku moja, jibu ni ndiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kila nchi, ijue isijue, imeamua kimya cha Bunge kina maana gani. Kwetu na Kenya, Serikali ikinyamaza, yaani isipowasilisha, kanuni inakufa. Bunge likinyamaza, kanuni inatembea. Na Bunge hunyamaza mara nyingi zaidi kuliko linavyosema, si kwa ubaya, kwa wingi wa kazi tu.

Je, tukigeuza? Tuseme kimya cha Bunge kiue kanuni? Kuna jimbo moja Marekani, Idaho, ambako mwaka 2019 utaratibu ulikuwa huo. Kanuni za idara za jimbo zilikuwa zinakoma kila mwaka, na bunge la jimbo lilikuwa linapitisha muswada wa kuziongezea muda. Mwaka huo mabaraza yao mawili yakagombana, tena ugomvi wenyewe ulihusu namna ya kukagua kanuni, wakaahirisha bila kupitisha ule muswada. Tarehe 1 Julai zaidi ya kurasa 8,000 za kanuni zikakoma. Gavana akachambua, nyingi akazirudisha kama kanuni za muda kwa mamlaka yake, nyingine akaziacha zife. Tazameni matokeo: Bunge lililojipa mamlaka makubwa kuliko yote, siku liliponyamaza, aliyebaki na kalamu ni mkuu wa Serikali.

Nikiwa Marekani nisitoke kabla sijawaeleza kesi moja, na hii nina sababu ya kuipenda, maana mwenye kesi ni kijana aliyezaliwa Kenya.

Jagdish Rai Chadha, wazazi wake Wahindi, yeye kazaliwa Kenya enzi za mkoloni, pasipoti yake ya Uingereza. Mwaka 1966 akaenda Ohio kusoma. Viza ikaisha 1972. Arudi wapi? Kenya imeshakuwa huru na haimtambui kuwa raia wake. Uingereza nayo haikumfungulia mlango. Wazee wetu wa Kihindi wa pwani na bara wanazijua hadithi hizi, pasipoti mfukoni na nchi hakuna. Mwaka 1974 hakimu wa uhamiaji akamwonea huruma kwa mujibu wa sheria: asifukuzwe, abaki. Jina lake likaingia kwenye orodha ya watu 340 iliyopelekwa Bungeni kwao, kwa sababu sheria ya uhamiaji ililipa kila Baraza mamlaka ya kutengua uamuzi wa namna hiyo kwa azimio lake peke yake.

Tarehe 16 Desemba 1975, Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio. Kati ya 340 likakata sita, Chadha mmojawapo. Hakukuwa na mjadala. Hakukuwa na kura ya majina. Azimio lenyewe lilikuwa halijachapishwa wabunge walisome. Kwa dakika chache mtu akawa anafukuzwa nchini na watu wasiojua hata anafananaje.

Chadha akapigana mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 1983, majaji saba dhidi ya wawili, wakasema Bunge haliwezi kubadilisha haki za mtu kwa azimio la Baraza moja. Likitaka kubadilisha, lipitishe sheria kama sheria nyingine, mabaraza yote mawili na Rais. Jaji White, aliyepinga, alilalamika kwamba hukumu ile imegusa karibu sheria 200 zenye kipengele cha namna hiyo. Kijana wa Kenya aliyekuwa anatafuta tu mahali pa kuishi akawanyang'anya wabunge wa Marekani silaha waliyoitumia tangu miaka ya thelathini.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu wengi wetu tukichukizwa na kanuni tunasema "Bunge lingekuwa na meno". Meno yapo ya aina mbili. Kuna meno ya Bunge zima, kwa mjadala na taarifa rasmi. Na kuna meno ya watu wachache chumbani. Jimbo la Wisconsin walikuwa na kamati ya wajumbe kumi, watano kutoka kila baraza, yenye uwezo wa kuzuia kanuni ya idara yoyote. Mwaka 2020 bodi inayosimamia washauri nasaha na wafanyakazi wa ustawi wa jamii ilitunga kanuni ya maadili ya taaluma, kwamba mwenye leseni akijaribu kubadili mwelekeo wa kimapenzi wa mteja wake anakiuka maadili. Kamati ikaisimamisha, kisha baadaye ikaisimamisha tena. Sitaki tuingie kwenye yaliyomo ndani ya kanuni ile, tutalala hapa. Ugomvi wa kisheria ulikuwa juu ya kalamu ya mwisho. Julai 2025 mahakama ya juu ya jimbo, majaji wanne dhidi ya watatu, ikasema watu kumi si Bunge. Kamati ikizuia kanuni imebadilisha haki za watu bila kura ya mabaraza wala saini ya gavana, na hilo haliruhusiwi.

Kwa hiyo kamati zenye rungu si dawa niliyoileta kwenu. Kamati yetu ya Sheria Ndogo haina rungu hilo, inashauri Bunge, na mimi naona ni sawa. Tatizo langu nayo ni kipimo inachotumia.

Kamati inaangalia nini? Inaangalia kama kanuni inapingana na Katiba, kama imevuka sheria mama, yaani ile iliyoizaa, kama adhabu imezidi iliyoruhusiwa, kama imetungwa na asiye na mamlaka, kama rejea za vifungu ni sahihi. Soma taarifa zake utaona kazi ni ya kweli: jedwali linarejea kifungu kisichokuwepo, faini imezidi kiwango cha sheria mama, maneno yanayopingana ndani ya kanuni moja. Kazi ya mhariri mkali, na inahitajika. Lakini kanuni inaweza kufaulu vigezo vyote hivyo na bado ikawa ya hovyo. Ukisema muuguzi awe na pointi kadhaa za mafunzo endelevu kila mwaka la sivyo leseni haihuishwi, hapo hakuna uhalali uliovunjwa. Anayeuliza kama mafunzo hayo yapo Nkasi, au yako Dar es Salaam tu na kiingilio chake ni nusu ya mshahara, ni nani?

Nanyi mnajua rasimu za kanuni hizi hutoka wapi. Hutoka kwenye bodi zetu wenyewe. Waziri anasaini, lakini waliokaa wakaandika ni wanataaluma, tena waliokwisha kuingia ndani. Si siri kwamba aliyeingia ndani hana haraka ya kupanua mlango.

Kesi ya North Carolina inalionyesha hili kuliko maelezo yangu. Bodi ya madaktari wa meno ya jimbo hilo ilikuwa na wajumbe wanane, sita kati yao madaktari wa meno wenye kliniki zao. Watu wasio madaktari wakaanza kufanya biashara ya kung'arisha meno madukani kwa bei nafuu. Madaktari wakalalamika kwa bodi, na malalamiko mengi yalihusu bei kuliko madhara. Bodi ikatuma barua zisizopungua 47 za kuwaamuru waache. Sheria ya jimbo haikutaja kung'arisha meno popote. Haikutungwa hata kanuni, ambayo wangelazimika kuipeleka ikaguliwe. Barua tu, yenye nembo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, sita dhidi ya watatu, kwamba bodi inayoendeshwa na washindani walio sokoni haiwezi kujificha nyuma ya mgongo wa jimbo kama jimbo lenyewe haliisimamii kwa dhati.

Hiyo barua yenye nembo iwakae kichwani. Kwetu tunaiita mwongozo, waraka, au tangazo kwa wanataaluma wote. Inabandikwa kwenye tovuti ya bodi Ijumaa jioni: kuanzia tarehe fulani waombaji wote watafanya mtihani, au watalipa kadhaa, au wataleta cheti kadhaa. Haina namba ya Tangazo la Serikali. Kwa kuwa haijachapishwa kama kanuni, ile saa ya Bunge haianzi kugonga kabisa. Kamati ya Sheria Ndogo haiwezi kukagua kitu ambacho hakijaitwa sheria ndogo. Mwanataaluma anatii kwa sababu mfumo wa kuhuisha leseni haukubali kuendelea bila kujaza kile kisanduku. Ndugu zangu, nikiambiwa nichague adui mmoja, namwacha Waziri mwenye kanuni, nachagua waraka. Kanuni angalau ina tarehe, ina namba, ina mtu aliyesaini, na ina mahali pa kufia.

Na lugha. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kazi ya kufasiri inaendelea, na sheria kuu zinapata kipaumbele, kama inavyostahili. Kanuni na majedwali yake yanafuata kwa mbali. Fundi sanifu wa maabara anayetakiwa kutii jedwali la tatu bado analisoma kwa Kiingereza cha mwaka lilipotungwa.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji Katiba mpya. Kiwango cha elimu na mtihani unaomzuia mtu kufanya kazi viandikwe ndani ya sheria yenyewe, wabunge wavipigie kura wakiwa macho. Vikilazimika kuwekwa kwenye kanuni, basi kanuni ya aina hiyo peke yake isianze kutumika mpaka Bunge lipitishe azimio la kuikubali. Ada, fomu, rangi ya kitambulisho, hayo Waziri aendelee nayo kama sasa. Na ile miaka kumi ya Kenya tuiazime. Zipo kanuni za taaluma zinazotaja vifaa ambavyo haviuzwi tena popote.

Mtaniambia Bunge litazidiwa. Sidhani. Bodi za taaluma si nyingi kiasi hicho, na hakuna bodi inayobadilisha kiwango cha kuingilia kila mwaka, au kama ipo, hiyo ndiyo ya kuitwa Dodoma ijieleze.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nichukue swali moja. Ndiyo, dada yangu pale ukutani.

(Swali: mtu aliyenyimwa leseni kwa kanuni, kisha Bunge likaitengua miezi minne baadaye, anarudishiwa nini?)

Swali zuri, na jibu lake halipendezi. Sheria ya Tafsiri inasema kanuni iliyotenguliwa inakoma kuanzia hapo, lakini yaliyofanyika kabla hayaguswi. Ada uliyolipa ilikuwa halali siku uliyolipa. Leseni uliyonyimwa ilinyimwa kihalali siku ile. Unaomba upya, kwa masharti yaliyobaki. Miezi yako minne hakuna wa kukulipa kwa sababu tu ya azimio lile.

Ukitaka zaidi ya hapo, nenda Mahakama Kuu ukaombe mapitio ya uamuzi ule. Na huko kuna saa nyingine: kibali cha kufungua maombi kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipofanyika, nayo ni miezi ya kalenda, si siku za vikao. Sasa rudi kwenye hesabu yangu ya Julai na Novemba. Ukinyimwa leseni Julai, ukakaa unangoja mbunge wako aisemee, Bunge likikutana Novemba umebakiwa na wiki chache. Kwa hiyo usingoje. Kusanya barua walizokuandikia, tafuta namba ya Tangazo la Serikali, andika kwa Katibu wa Bunge uulize kanuni iliwekwa mezani tarehe gani, na wakati unasubiri jibu uwe umeshamwona wakili. Mwenyekiti, asante.